Prof Aliyekataa Kumpa Prefe Ufunguo

Walimu wengine wa shule yetu walikagua kucha. Prof wa informatique alikagua viganja. Kabla hatujagusa kompyuta tulisimama mlangoni tumenyoosha mikono kama watu wanaosubiri kugawiwa bukari, ugali wetu, naye akapita mbele yetu, miwani kwenye ncha ya pua, akisoma. Alikuwa anatafuta maneno ya siri. Sisi wa Musonoi, mtaa wa kando ya mgodi, tulikuwa na ufundi huo: ukipewa neno la siri la kompyuta, unaliandika kiganjani kwa biki, kisha unazunguka shule nzima ukisalimia watu kwa mkono huohuo.

"We, Mama Makelele," aliniambia siku moja, maana jina langu la ubatizo aliliona halinitoshi, "hii bitu umeandika hapa ni nini?"

"Ni jasho, Prof."

"Jasho yako inajua kuandika majuscule, herufi kubwa? Kwenda ku robinet."

Nikaenda bombani kunawa. Nyuma yangu wakaja karibu darasa zima, hata wale watakatifu wa kwaya.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, sijui. Kwa Prof ulikuwa huulizi, ulikuwa unaulizwa. Ninaandika habari zake kwa sababu mwaka huu alikaribia kufukuzwa kwenye chumba cha kompyuta moja kwa moja, na chumba kile bila yeye ni sebule ya vumbi tu.

Vumbi lenyewe alikuwa na vita nalo. Alikuja asubuhi na shati jeupe, na kabla ya mapumziko shati lilikuwa rangi ya barabara ya Mashamba. Alisafisha kompyuta kwa brashi ya mchoraji, herufi moja moja, akinung'unika kwamba vumbi ndilo mwanafunzi wake bora, kwa sababu halikosi kipindi. Alikuwa mfupi, mpana, na alikaa kwenye kiti kwa awamu: kwanza nia, halafu mikono, halafu mwili wote. Kusimama ilikuwa safari nyingine.

Mtu huyu aliyesoma viganja vyetu hakuwahi kujua ufunguo wa nyumba yake uko wapi. Jirani zake walizoea kuona miguu yake miwili ikichungulia dirishani, nusu ya Prof ndani, nusu nje, na mke wake ndani akimwambia bila kuinua macho: "Tata, mulango iko wazi." Pikipiki yake aliiacha sokoni na ufunguo ukining'inia. Ukimuuliza, anajibu kwamba ile pikipiki haiwashwi kwa ufunguo, inawashwa kwa kubembelezwa, na hakuna mwizi mwenye subira hiyo.

Lakini ufunguo wa programu, hapo alikuwa mtu mwingine kabisa.

Programu ilikuwa kazi ya mikono yake. Ilituma SMS kwa wazazi: matokeo yametoka, kesho hakuna shule, leo njooni mapema mchukue watoto. Kwetu hilo si jambo dogo. Wazazi wako kazini, wengine ndani ya mashimo ya mgodi, wengine sokoni, na barabara ya mbele ya shule ni ya malori makubwa ambayo hayamwoni mtoto wa darasa la kwanza hata akivaa taa kichwani. Ili ujumbe uende, programu inalazimika kuonesha ufunguo kwa kampuni inayosafirisha SMS. Ufunguo huo si chuma. Ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu, mbaya kama mwandiko wa daktari. Anayeushika anaweza kuandikia wazazi wote kwa jina la shule, anachotaka.

Mtengenezaji mvivu anauandika humohumo ndani ya programu. Prof akiona hivyo alishika kichwa kama aliyeletewa habari za msiba.

"Batu ba baruti kule ku carrière," alituambia, "balalaka na dynamite chini ya kitanda?"

"Hapana, Prof!"

"Dynamite inakaa wapi?"

"Ku depot!"

"Mutu anaenda ku depot, banaangalia ni nani, banamupa ya kazi ya leo. Akimaliza, anarudi nyumbani mikono mitupu, anakula na batoto bake. Programu ni vile vile. Ufunguo inakaa mu coffre. Programu inaenda, inaomba."

Wakati huohuo, kama kwamba walikuwa wamepanga, mgodi ukalipua. Madirisha yakalia, chaki ikaanguka, na Prof akanyoosha mkono kuelekea huko bila kugeuka. "Aksanti," akasema.

Sanduku lenyewe, hiyo coffre, liko kwenye cloud, maana yake kwenye kompyuta za watu wengine, mbali. Ili tuelewe alitufanya tuigize. Chef wa darasa, kiranja wetu, kijana mrefu asiyecheka, alikuwa coffre. Rafiki yangu mpole alikuwa programu. Mimi niliteuliwa kuwa mwizi, na darasa zima likapiga makofi, sijui kwa nini.

Nikaanza kwa kumpekua programu. Mfukoni mwake nikakuta kikaratasi kimoja tu: *Nenda kwa coffre, omba ufunguo-wa-sms.* Basi. Hakuna ufunguo, kuna jina lake tu. Nikavua sweta ya rafiki yangu, nikaivaa, nikamwendea Chef wa darasa nikifanya sauti ya upole.

"Jambo, coffre. Mi njo programu ya SMS. Unipe ufunguo."

Chef wa darasa akaanza kunipa! Prof akaruka, na kwa mtu wa umbo lake ilikuwa kuruka kweli.

"Hapana, hapana! Coffre haisikilize mudomo ya mutu! Programu inakaa mu nyumba yake ku cloud. Nyumba njo inaisemea: huyu ni wetu, alitoka mu mulango yetu. Mama Makelele ametoka mulango gani?"

"Ku robinet," wakajibu wote.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza. Hadi leo nikiona mistari ile michache ya programu, ule wa kugonga, ule wa kuomba kwa jina, ule wa kupokea, ninaiona sweta ya rafiki yangu.

Majina nayo yalikuwa na kisa. Prof alirudia mpaka tukachoka kwamba jina la kitu kilichomo sandukuni linaweza kuonekana, kinachofichwa ni kilichomo ndani. Tukapewa kila mtu sanduku la mazoezi tuweke neno letu la siri kwa kuandika programu. Chef wa darasa aliweka lake. Jina: *bukari-na-samaki*. Prof akamsifu, jina linasomeka. Akafungua ndani. Ndani mlikuwa na: *bukari-na-samaki*.

"Chef," akasema Prof taratibu, "juu ya nini?"

"Ju nisisahau, Prof."

Prof akatoka nje. Tulimwona dirishani akizunguka mlingoti wa bendera. Aliporudi alikuwa ametulia, akasema twende mbele, ila kwa muda mrefu hakuweza kula samaki mbele yetu bila kumtazama Chef.

Siku umeme ukikatika na mtandao ukiondoka nao, sisi wajanja tulimjia na hoja. Tukasema: Prof, ona sasa, sanduku liko mbali, mtandao hakuna, programu itaomba kwa nani? Si bora tuache nakala ndogo ya ufunguo ndani ya programu, ya dharura tu?

"Bila réseau," akauliza, "SMS itaenda na nini? Na miguu?"

Tukaangalia miguu yetu.

"Nani atabeba? We, Mama Makelele? Utapita nyumba kwa nyumba?"

Hoja ikafa palepale, na mimi nikazikwa nayo.

Sasa nifike kwa Prefe. Prefe ni mkuu wa shule yetu, mtu wa koti hata kwenye jua, na kiunoni amevaa fungu la funguo zote za shule: madarasa, stoo, choo cha walimu, kabati la kombe tuliloshinda zamani. Anapotembea analia kama kengele ya misa. Hakuna anayemsengenya, kwa sababu anasikika akiwa bado mbali. Siku moja mtu fulani akamwambia kwamba shuleni kwake kuna ufunguo ambao yeye hana. Akaja mpaka chumba cha kompyuta, tukiwa ndani.

"Prof, mu hii masomo, hii shule yangu, mulango gani mi sina ufunguo yake?"

"Hakuna, Tata Prefe."

"Kumbe iko moja. Banasema iko moja."

"Ile haiko ya mulango. Iko mu coffre, ku cloud."

"Ku cloud ni kwa nani?"

"Ni mashini ya batu, mbali."

Prefe akatugeukia sisi kama mashahidi. "Munasikia? Ufunguo ya masomo yangu inalala kwa batu."

Prof akamweleza kwa heshima zote. Akasema anaweza kuliandika jina la Tata Prefe kwenye sanduku, aingie mwenyewe, kwa jina lake, wakati wowote. Ila kuutoa ule mstari na kuuandika kwenye karatasi, hapana, hilo ndilo tunalowakataza watoto.

"Mi siombi kuingia," alisema Prefe. "Mi naomba kushika."

Hapo nilimwelewa, nakiri. Kwetu ukubwa unashikwa mkononi. Mtu akichukua ofisi lazima pawe na makabidhiano: hii meza, hivi viti, huu ufunguo, weka sahihi, piga muhuri. Kitu ambacho hakijapigwa muhuri ni uvumi. Na hapa mwalimu mmoja mfupi alikuwa anamwambia mkuu wa shule kwamba ufunguo muhimu kuliko zote hauna chuma, hauna karatasi, na yeye mwenyewe mwalimu haukariri.

Prefe akatoa amri. Juma lijalo, makabidhiano rasmi mbele ya kamati ya wazazi. Prof akikataa, kwenye ratiba ya muhula ujao jina lake lisitafutwe kwenye informatique.

Alipoondoka, tukimsikia akilia kwenye korido yote, nilimpa Prof ushauri wa kitaalamu.

"Prof, muandikie paka bya bongo, herufi za uongo tu. Hatajua."

"Mi sidanganye mukubwa," alijibu, akachukua brashi yake na kuanza kusafisha kompyuta iliyokuwa safi tayari. Aliifuta muda mrefu sana.

Siku ya makabidhiano ukumbi ulijaa. Sala ikasaliwa, hotuba ikahutubiwa. Prof akaunganisha kompyuta na projekta, akaingia kwenye sanduku, na ule mstari ukatokea ukutani, mkubwa, mweupe, uchi kabisa. Kina mama wakasema "Yo!" kama walioona nyoka. Prof akaunakili kwa mkono. Prefe akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi, katibu akihakiki. Sahihi zikawekwa. Muhuri ukapigwa, ukapigwa tena kwa usalama.

Papa mmoja wa kamati, mzee wa kiwandani Kingamyambo, akainua mkono. "Sasa sisi bote tumeiona. Bado ni siri?"

"Swali muzuri, Papa," alisema Prof kwenye maikrofoni. "Ju bote tumeiona, sheria inasema tunabadilisha sasa hivi. Hii ya ku karatasi inakufa. Tata Prefe, unakubali?"

Lakini mlangoni kulikuwa kumeingia kreti za sucré, soda za rangi zote, baridi zinatoa jasho. Tata Prefe akapunga mkono, endelea, endelea, macho kwenye ile ya machungwa. Ukumbi wote ulishaelekea huko. Mimi tu nilibaki, maana nilikuwa nimeshika waya wa projekta usichomoke. Nilimwona Prof akiomba ufunguo mpya kwa kampuni ya SMS, akiua wa zamani, kisha akiendesha programu yake fupi iliyouingiza mpya sandukuni chini ya jina lilelile. Programu ya shule haikuguswa. Kwani yenyewe inajua jina tu. Ikaomba, ikapewa kilichokuwepo, ikafanya kazi.

Prefe akaifungia karatasi yake kwenye droo ya juu. Wote wakawa na furaha: mmoja ameshika, mwingine amelinda. Prof akabaki kwenye ratiba.

Ingeweza kuishia hapo, kama si mpwa wa Prefe, aliyekuwa anaoa. Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti nje ya ofisi ya Prefe kwa kosa ambalo halihusiani na habari hii. Prof akaitwa. Mlango ukabaki nusu wazi.

"Prof, ile ufunguo iko mugonjwa."

"Haiko mugonjwa, Tata Prefe. Ilikufa. Siku ile ile. Nilisema mu micro, na ulikubali."

"Saa gani?"

"Saa ya sucré."

Kisha Prof, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza: "Na nani aliijaribu?"

Tata Prefe hangeweza kusema kwamba mialiko ya harusi ya mpwa wake ilikuwa iende kwa jina la shule, na Prof hakuuliza mara ya pili. Alitoka, akaniona, akatikisa kichwa. Hakuna aliyecheka. Mimi kidogo.

Ratiba ya muhula mpya ilipobandikwa, Prof alikuwa mwalimu wa gymnastique. Chumba cha kompyuta kikafungwa. Na barua ikaja, yenye muhuri, kwamba asiguse kompyuta yoyote saa za kazi.

Alitufundisha kukimbia kwa nadharia. Alisimama katikati ya uwanja na filimbi, kaptula yake ikimfika chini ya magoti, akieleza pafu linafanya nini. Hakumsema Prefe vibaya. Nilijaribu kumchokoza: "Prof, huyu mutu alikufukuza ju ya harusi." Akapuliza filimbi: "Zunguka." Kila nilipofungua mdomo, nilizunguka. Muhula ule nilipata miguu ya mchezaji wa timu ya taifa. Ila mara nyingi nikipita upande wa darasa nilimkuta amesimama kwenye dirisha la chumba kile, mikono nyuma, akiangalia vumbi lilivyokaa juu ya kompyuta. Brashi ilikuwa mfukoni mwa kaptula. Niliiona.

Halafu ikaja ile asubuhi ya majuzi. Tuko uwanjani, tunazunguka. Lori la asidi likapinduka barabarani mbele ya shule. Barabara ikafungwa, harufu ikaanza kuja, na Prefe akaamuru wazazi waitwe wawachukue wadogo kwa njia ya nyuma. Akabonyeza programu. Programu ikamkatalia. Funguo za kampuni ile zina tarehe ya kufa, na wetu ulikuwa umefikia yake. Na wa kuweka mpya hakuwepo.

Tulimwona Prefe akija mbio uwanjani, koti linapepea.

"Prof! SMS inakataa."

"Ufunguo imeisha, Tata Prefe. Lakini mi nilikatazwa ordinateur. Barua iko na cachet, muhuri yako."

"Najua." Prefe alikuwa anahema. "Batoto ba primaire bako ku mulango bote."

Prof alikuwa ameshapiga goti, amemwaga mipira yote kutoka kwenye mfuko, na chini ya mipira kulikuwa na kompyuta yake. Chef wa darasa akatumwa nyuma ya goli, ndipo mtandao unaposhika, akasimama ameinua simu juu kama sanamu. Prof akaandika, akangoja, akaandika. Ufunguo mpya ukaombwa. Ukaingia sandukuni. "Omba sasa," akaiambia kompyuta kwa sauti ndogo. "Omba, mama."

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya mama anayeuza mikate kwenye ukuta wa shule, pale pale.

"Eh!" tukamsikia. "Masomo inaniandikia, na mi niko hapa!" Akaacha karai lake, akaingia kumchukua mwanawe, na watoto wawili wa majirani pia. Halafu wengine wakaanza kutokea kwenye njia ya nyuma, wa vitenge, wa kofia ngumu, mmoja na sabuni bado masikioni. Prefe alisimama akihesabu vichwa kwa kidole mpaka mlango ukabaki mtupu.

Kisha akarudi kwetu. Akakohoa.

"Prof. Lundi, Jumatatu hii, utarudi mu chumba yako. Na jina yangu… uiweke mu ile coffre. Nitaingia, kama bengine."

"Aksanti sana, Tata Prefe. Andika."

"Neno yangu haitoshi?"

"Inatosha. Lakini ya kunitosha mule, kunitoa, uliandika."

Prefe akatoa ratiba iliyokunjwa kutoka mfuko wa ndani, akatoa kalamu, akatafuta meza. Uwanjani hakuna meza. Macho yake yakanikuta mimi, nimeinama, mikono magotini, bado ninatafuta pumzi.

"We. Baki vile vile."

Akaitandaza ratiba mgongoni mwangu. Nilihisi kalamu ikifuta neno moja, kwa hasira, huku na huku. Halafu ikaanza lingine, polepole, na mimi nikalisoma kwa ngozi, herufi kwa herufi: I, N, F, O. Nilijikaza vizuri mpaka ilipofika Q. Mkia wa Q ulinishuka kwenye mbavu, nikacheka, kalamu ikateleza.

"Tulia, we meza!" alifoka Prefe.

"Meza yako inacheka, Tata Prefe," alisema Prof.

"Nimeona." Akaimalizia U, akaimalizia E, kisha akapiga nukta, kwa nguvu zake zote, katikati ya mgongo wangu.